Jua halizami nyuma ya Kibo ukiwa Moshi

Wachoraji wetu wa Moshi na Arusha nawapenda sana ila kuna kitu kinanikera. Kila duka la vinyago ukiingia, ukutani kuna Kibo, kile kilele kirefu cha Kilimanjaro, jua jekundu linazama nyuma yake, twiga, Mmasai kasimama kwa mguu mmoja, basi. Hivi nani wa Moshi alishaona hiyo kitu? Mlima uko kaskazini yetu, asubuhi jua linatokea upande wa Mawenzi, kilele cha mashariki, na jioni linazamia upande wa Shira, kule magharibi, nyuma ya Kibo haliendi hata ulibembeleze. Anayeitaka sanseti hiyo aende Rombo, mashariki ya mlima, huko ni kweli.

Sisemi picha iwe kama ya simu, mchoraji anaruhusiwa kudanganya, lakini uongo wake uwe na kazi. Caspar David Friedrich wa Ujerumani, kwenye 1818 hivi, alichora mtu katupa mgongo juu ya mwamba, mbele yake ukungu mtupu, milima yenyewe unaiona nusunusu tu, na ndo maana unaganda pale unaangalia. Sisi ukungu tunao wa bure! Saa nne asubuhi mlima ushajifunika, mgeni anauliza uko wapi, halafu jioni mawingu yanashuka kiunoni, barafu ya Kibo inageuka waridi na Mawenzi pembeni tayari yuko gizani. Hiyo mudi mbona haichorwi?

Na Mawenzi mnamkata kwenye picha kwa nini jamani? Kwenye hadithi za Wachaga huyo ndo alikuwa haishi kwenda kuomba moto kwa Kibo mpaka Kibo akachoka akamtwanga na mchi, zile ncha zake zote zilizochongoka ni kipigo hicho. Sasa fikiria, mlima huohuo uliomchapa mwenzie kisa moto ndo Desemba 1961 Luteni Nyirenda akapanda kuweka mwenge wa uhuru wa Tanganyika kileleni, yaani mwanga na kivuli vyote viko hapo na maana yake iko tayari, we unaniletea twiga.

Najua, wateja wanataka sanseti na kodi ya fremu ya duka lazima ilipwe, sibishi. Ila mwenye picha ya Kibo na Mawenzi wote wawili, saa kumi na mbili jioni, mawingu kiunoni, anicheki nanunua. Twiga abaki nae.