Latitudo ya Dar ina alama ya kutoa, jamani!

Kila UE (mtihani wa chuo) ya astronomia ikikaribia, madesa yaleyale yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na fomula ya kimo cha nyota (nyuzi zake juu ya upeo) ikikata meridiani, mstari wa angani wa kaskazini hadi kusini unaopita juu ya kichwa, imeandikwa vilevile: kimo = 90 − latitudo + diklinesheni. Diklinesheni ni nyuzi za nyota kutoka ikweta ya mbingu, yaani ikweta ya Dunia ikipandishwa angani; kusini ni hasi. Sawa. Shida ni mstari unaofuata, ambapo mtu wa Dar anaweka 6.8 kavu. Inaudhi, kwa sababu ni alama zinazotupwa bure na watu waliopiga msuli kweli.

Sisi tuko kusini ya ikweta. Latitudo ni −6.8. Chukua Suheli, ambayo vitabuni ni Canopus, diklinesheni −52.7. Ukiweka 6.8 unapata nyuzi 30.5, jibu sahihi ni 44.1. Tofauti ni 13.6, mara mbili kamili ya latitudo, kwa hiyo msahihishaji akiiona tu anajua ulipoteleza.

Sasa Kilimia, kile kishada cha nyota (Pleiades), diklinesheni +24.1. Hapa hata aliyeweka alama vizuri anapata 120.9, anapaniki, anafuta kila kitu. Usifute! Fomula inahesabu kutoka upeo wa kusini, na Kilimia kimevuka utosi (nukta ya juu ya kichwa, nyuzi 90), kiko upande wa kaskazini. Toa 120.9 kwenye 180, unabaki na 59.1, na andika "kaskazini" pembeni ya jibu, maana kimo bila upande ni nusu ya jibu.

Kabla ya kugusa kalkuleta, chora nusu duara. Utosi juu, kusini kulia, kaskazini kushoto. Ncha ya kusini ya mbingu, nukta ambayo nyota za kusini huonekana kuizunguka, iweke nyuzi 6.8 tu juu ya upeo wa kusini, na ikweta ya mbingu nyuzi 83.2 kutoka upeo wa kaskazini. Mchoro huo unachukua nusu dakika na unakataa jibu la kijinga kabla hujaliandika. Mwenye nafasi aende Kigamboni, mahali penye taa chache, katikati ya Februari kama saa tatu usiku. Nyoosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja ni kama nyuzi 10. Suheli iko ngumi nne na kitu juu ya upeo wa kusini. Ukishaipima hivyo, 30.5 haiwezi kukudanganya tena.

Mengine ni ya haraka. Kwenye m − M = 5 log d − 5 (m ni mng'ao unaoonekana, M ni mng'ao halisi, d ni umbali), d ni kwa parseki, si miaka ya nuru, na log ni ya msingi wa 10. P² = a³ (P ni muda wa mzunguko, a ni nusu ya kipenyo kirefu cha obiti) inataka miaka na AU, yaani umbali wa Dunia hadi Jua, tena kwa vitu vinavyozunguka Jua. Saa 1 ya raiti asensheni, ambayo ni kama longitudo ya angani, ni nyuzi 15.

Pasti pepa zina faida, nakubali, hasa kujipima muda. Ila ukimaliza swali, lirudie kwa latitudo ya Mwanza, −2.5. Suheli ikishuka hadi 39.8, umeelewa.