Floraidi isiyoyeyuka ndiyo tunayoitaka

Kila kazi ya Véronique Gouverneur, mkemia wa Oxford anayeunga florini kwenye molekuli kama za dawa, inapotajwa, mazungumzo hukimbilia hatari: gesi ya florini inayounguza karibu kila inachogusa, asidi ya haidrojeni floraidi inayokula kioo. Inaniudhi kweli. Gesi hiyo mkemia Mfaransa Moissan aliitenga mwaka 1886, na hofu yake ni halali. Lakini kazi ninayoizungumzia imeanza na chumvi: siziamu floraidi na potasiamu floraidi, unga mweupe tu, wenye floraidi, yaani florini yenye chaji hasi. Na wanaoijua chumvi hiyo nao huitupa kwa sababu nyingine: "Haiyeyuki kwenye viyeyushi vya kikaboni." Hapo ndipo nabisha kwa nguvu zangu zote.

Chukua floraidi inayoyeyuka vizuri. Ioni zake zitasambaa kimiminika kizima na kuishambulia molekuli popote zinapoikuta, kichocheo kiwepo kisiwepo. Utapata florini mahali ulipotaka, lakini molekuli za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia, zinazofanana kama kitu na taswira yake kiooni, zitakuwa nusu kwa nusu, na kwa dawa nusu hiyo ya pili inaweza kuwa bure au kuwa na madhara. Chumvi isipoyeyuka, floraidi inayofika kwenye kimiminika ni ile tu iliyobebwa na kichocheo. Kichocheo kikiwa na umbo la mkono mmoja, nayo mazao yataelemea mkono mmoja. Kutoyeyuka huko kunatufungia mlango wa nyuma.

Mbebaji mwenyewe ni yurea. Si ile ya mfuko wa mbolea, ila kiungo cha katikati ni kilekile: kaboni na oksijeni, naitrojeni huku na huku. Katika kazi ya Gouverneur ya mwaka 2018 yurea mbili ziliunganishwa kwenye kiunzi kilichopinda, pete za pembeni zikapewa vikundi vya CF₃ (kaboni moja yenye florini tatu) ili haidrojeni za naitrojeni ziwe na njaa zaidi. Naitrojeni moja ikafungwa kwa tawi la kaboni, zikabaki haidrojeni tatu za kuishika floraidi. Ushikaji huo ndio ufundi wenyewe. Floraidi iliyozungukwa na maji imelala, kwani kuivua maji hugharimu takriban kilojuli 500 kwa moli. Ukiivua kabisa inageuka besi kali, inang'oa haidrojeni badala ya kuunga kaboni, nawe unabaki na alikini, molekuli yenye kifungo maradufu cha kaboni kwa kaboni badala ya florini uliyoitaka. Yurea huiweka katikati. Kimeng'enya cha bakteria Streptomyces cattleya, kilichoripotiwa na kundi la David O'Hagan mwaka 2002, hufanya jambo linalofanana.

Mmenyuko ukikataa, usikimbilie kubadili kichocheo. Angalia chumvi kwanza. Potasiamu floraidi hunyonya unyevu wa hewa, ikaganda mabonge: isage laini, ikaushe kwenye ombwe kwa nyuzi 120 kwa saa kadhaa, kisha ihifadhi penye kikaushio. Kazi yote inafanyika kwenye uso wa punje, hivyo punje kubwa au ukorogaji wa kivivu huua kasi. Na asidi isisogee karibu, maana hapo ndipo haidrojeni floraidi inapozaliwa.

Nakubali, shingo upande, kwamba njia hii haifanyi kila kitu. Hung'aa pale molekuli inapoweza kujigeuza yenyewe kuwa ioni chanya, kupitia salfa au naitrojeni ya jirani. Siziamu nayo ni ghali, ingawa kundi la Gouverneur baadaye lilifanikiwa kwa potasiamu.

Mwaka 2023 wakarudi nyuma zaidi, hadi kwenye jiwe. Kwa kawaida fluorspa, jiwe la kalsiamu floraidi, hupikwa na asidi ya salfuriki kwenye tanuri, zaidi ya nyuzi 200, ili itoe haidrojeni floraidi. Sumu hiyo ndiyo husafirishwa na kuhifadhiwa. Wao wakaisaga kalsiamu floraidi na dipotasiamu haidrojeni fosfeti kwenye kinu chenye mipira migumu inayoponda, wakapata unga unaotoa floraidi moja kwa moja, wakatengeneza kemikali zipatazo hamsini bila kuipitia haidrojeni floraidi.

Fluorspa ya Kimwarer, Bonde la Kerio nchini Kenya, ilichimbwa kwa miongo na kusafirishwa nje kupitia Mombasa. Natamani mwanafunzi wa kemia wa Eldoret aitie kwenye kinu pamoja na fosfeti, apime floraidi inayotoka, na aone silika (madini ya mchanga) iliyomo kwenye mwamba wake inaharibu nini.