Kurudia GMAT: kabla hujalipa tena, jua alama ya kwanza ilitoka wapi

Swali ninaloulizwa sana na wadogo zangu kazini na watu niliosoma nao ni moja tu, nimepata alama hii ya GMAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, nirudie au niombe chuo nayo hivi hivi? Na kila wanayemuuliza ana jibu tayari. Kuna wanaosema rudia, tena rudia mpaka ifike, chuo kinaangalia alama kubwa tu. Kuna wengine wanasema mara moja inatosha, alama sio kila kitu, muda wako peleka kwenye esei za maombi ya chuo. Mi nimefanya GMAT mara mbili na nimekaa na watu kadhaa wakati wanaamua, na naona pande zote mbili zina ukweli ila zote zinaruka swali la kwanza kabisa, hiyo alama uliyopata imetoka wapi?

Tuanze na mtihani wenyewe maana wengi bado wana picha ya zamani. GMAT ya sasa ilianza Novemba 2023, ile ya zamani ikafungwa mwisho wa Januari 2024. Ni masaa mawili na robo, sehemu tatu za dakika 45 kila moja, hesabu maswali 21, lugha na hoja maswali 23, uchambuzi wa data maswali 20. Esei ya ndani ya mtihani imeondoka, yale maswali ya kusahihisha sentensi yameondoka, jiometri nayo imeondoka. Alama zinaanzia 205 hadi 805 na zote zinaishia na tano. Na hapa watu wanaumia bure kabisa, mtu anapata 645 anakosa usingizi kwasababu kaka yake alipata 700 mwaka 2019, wakati 645 ya sasa ukiangalia nafasi yake kati ya watahiniwa wote inakaribiana na ile 700 ya zamani. Kuna dada mmoja alikuwa na 635 na alishalipia mtihani wa pili kabla hajajua hilo. Kwahiyo angalia umewazidi asilimia ngapi ya watahiniwa, namba peke yake haikuambii kitu.

Sasa twende upande wa kurudia. Wanasema chuo hakitaona mtihani ulioharibika, na kwa sasa ni kweli, unaiona alama yako kwanza afu ndo unachagua itumwe wapi, usipoituma hamna anayeiona. Sawa, ila kwangu hoja yenye uzito ni nyingine, ni sisi tunatokea wapi. Mtu kamaliza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na GPA ya 3.8, hapa nyumbani tunajua hiyo ni daraja la pili la juu na tunajua alivyoteseka kuipata. Msomaji wa faili za maombi kule Boston Marekani au Fontainebleau Ufaransa amezoea mifumo mingine kabisa, Wamarekani wanahesabu mpaka nne sisi tunahesabu mpaka tano, na hajui darasa lile walimu walikuwa wanabana alama kiasi gani. Mwombaji aliyetoka chuo kinachojulikana dunia nzima anabebwa na jina la chuo chake. Wa kwetu anabebwa na nini? Ndo hapo alama ya mtihani inapoingia, ni kitu kimoja kwenye faili ambacho msomaji anaweza kukilinganisha na cha mtu wa Mumbai au wa Chicago bila kuuliza mtu. Na kati ya vyote vilivyomo kwenye faili, GPA imeshaandikwa haifutiki, cheo kazini hupandishwi ndani ya miezi mitatu kwasababu tu unaomba chuo, ila alama inaweza kusogea.

Ongeza na hela za ufadhili. Vyuo vingi vya biashara vinatoa skolashipu kwa kuangalia nguvu ya faili zima na alama imo humo, kwahiyo pointi 40 zinaweza kuwa tofauti ya kupata nusu ya ada au kutopata kitu. Sio vyote lakini. Harvard kwa mfano misaada yake inatolewa kwa kuangalia uhitaji wa mtu, sio alama, kwahiyo ukirudia mtihani kwa matumaini ya hela na chuo chenyewe ni kile, unakimbilia kitu ambacho hakipo. Soma kila chuo kinatoa vipi kabla hujaamua.

Na kuna siku mbaya, hilo nalo lipo. Mi mara ya kwanza nilifanyia nyumbani kwa mtandao, meza tupu, kamera inaniangalia, nimewaambia watu wa nyumbani asiingie mtu, na kichwani nina hofu moja tu ya umeme kukatika maana intaneti ikipotea kikao kinaweza kuishia hapo hapo. Umeme haukukatika. Ila kwenye sehemu ya data niling'ang'ania jedwali moja karibu dakika sita, na muda ulipoisha nilikuwa na maswali manne sijayagusa. Mtihani huu unaadhibu maswali yaliyoachwa wazi, bora ubahatishe kuliko kuacha. Nikapata 565. Niliporudia baada ya wiki tisa nikapata 625 na sijui hesabu mpya hata moja ambayo sikuijua ile mara ya kwanza, kilichobadilika ni kwamba nilijifunza kubahatisha swali lililonishinda na kusonga mbele. Mtu kama mimi wa siku ile kumwambia asirudie ni kumdhulumu.

Lakini sasa upande wa pili nao usikilizwe, na nausikiliza kwa uchungu kwasababu nimeona watu wakiumia.

Hela kwanza. Ada ni kama dola 275 kituoni na dola 300 ukifanyia nyumbani, inatofautiana kidogo nchi na nchi. Kwa hela yetu dola 300 ni zaidi ya laki saba. Kuna mtu mshahara wake unaomfikia mkononi ni chini ya hapo, afu bado hajalipa ada ya kuomba vyuo vyenyewe, hajalipia mtihani wa Kiingereza kama chuo kinautaka, hajatuma nakala za vyeti. Mtu wa London akirudia mara tatu anasikia kero. Mtu wa Mbagala akirudia mara tatu kuna mdogo wake hajalipiwa muhula. Ushauri wa "rudia mpaka ifike" umeandikwa na watu ambao hiyo hesabu hawajawahi kuipiga, na tunaumeza kama ulivyo.

Pili, mtihani wowote una mtikisiko wake. Ile GMAT ya zamani waendeshaji wenyewe walikuwa wanaeleza kwamba alama ina kosa la kipimo la pointi 30 hivi, yaani mtu yule yule na akili ile ile akikaa Jumatatu na Alhamisi anaweza kupata namba mbili tofauti na hamna kilichobadilika. Kwahiyo ukitoka 605 kwenda 625 usijiambie umepanda, inawezekana ni wewe yule yule ila umelala vizuri. Na inaweza kwenda upande wa pili pia. Najua kijana mmoja amekaa mara nne, 585, 595, 575, 595. Ukiziangalia hizo namba nne kwa pamoja unaona sio alama nne, ni alama moja imepigwa picha mara nne. Alipofika ya tatu alikuwa hasomi tena kwa ajili ya chuo, alikuwa anasoma kwa ajili ya aibu, na mwaka ule dirisha la Septemba likampita, la Januari likampita, esei zake ziliandikwa kwa wiki mbili usiku baada ya kazi na zilisomeka hivyo hivyo.

Sheria inaruhusu kurudia baada ya siku 16, mpaka mara tano ndani ya miezi 12. Watu wanaichukulia kama ratiba. Siku 16 zinatosha kwa mtu ambaye alikuwa na malaria siku ya mtihani. Kwa mtu ambaye hoja hazielewi, siku 16 ni kulipa tena ili uambiwe kile kile.

Na hili la "alama yangu ipo chini ya wastani wa chuo" nalo liangaliwe vizuri. Chuo kikitangaza alama ya katikati maana yake nusu ya waliochukuliwa wenye alama ya GMAT walikuwa chini ya hapo au sawa na hapo. Harvard kwenye darasa lililoingia 2024 alama ya katikati kwa mtihani wa zamani ilikuwa 740, namba inatisha, ila na wenyewe wanasema wazi hawana kiwango cha chini. Mtu mwenye pointi 20 chini ya katikati na kazi nzito mkononi, mi nitamwambia aandike esei.

Kwahiyo nani anasema kweli? Mi naona kila kitu kinategemea makosa yako ni ya aina gani, na hapa ndo nataka tukae kidogo.

Ripoti ya matokeo siku hizi inakuja na maelezo mengi bila kulipia zaidi, ulifanyaje kwa aina ya swali, ulifanyaje kwa mada, muda ulienda wapi. Watu wengi wanaangalia namba kubwa ya juu, wanafunga. Fungua. Kama umekosa maswali ya mwisho mwisho yote mfululizo, tatizo ni muda, na muda unatibika kwa wiki chache. Kama umekosa mada moja, mfano asilimia na uwiano, inatibika pia. Ila kama umekosa kila mahali kidogo kidogo, rahisi na ngumu, kwa muda wa kutosha, hapo unachohitaji ni namna nyingine ya kufikiri na hiyo ni miezi, sio wiki.

Mfano mzuri ni yale maswali ya kuuliza kama taarifa zinatosha, ambayo sasa yapo kwenye sehemu ya data. Unaulizwa, je duka lilipata faida mwezi huu? Taarifa ya kwanza, mauzo yameongezeka kwa asilimia 20 kuliko mwezi uliopita. Taarifa ya pili, matumizi yote ya mwezi huu yalikuwa asilimia 80 ya mauzo. Haujaambiwa shilingi hata moja. Mtu aliyesoma kwetu anachukua kalamu anaanza kuweka "tuseme mauzo ni laki moja", anatafuta jibu, kwasababu tangu darasa la tatu tumefundishwa onyesha njia, pata jibu, pigia mstari. Wakati hapa hamna anayetaka jibu. Ya kwanza haitoshi maana mauzo yanaweza kupanda na hasara ikabaki pale pale. Ya pili peke yake inatosha, matumizi ni madogo kuliko mauzo, kuna faida, basi, ondoka, nenda swali linalofuata. Mi nimeona wahasibu, watu wa namba kabisa, wanapoteza dakika tatu tatu hapa. Sio kwamba hawajui, wanajua kupita kiasi, wanakokotoa kisichoulizwa. Na hilo ukirudia maswali 500 bila kuambiwa kosa lako ni nini utakuwa umezoea kulifanya kosa haraka zaidi.

Ndo maana naamini sana kwenye daftari la makosa kuliko rundo la maswali. Kila swali ulilokosa andika sentensi moja, nilikosa kwasababu sikujua, au niliharakisha, au nilijibu swali ambalo halijaulizwa. Baada ya maswali 100 linakuonyesha sura yako. Na mitihani ya majaribio iwe rasmi, miwili ni ya bure na haitofautiani sana na wenyewe, ila usiurudie ule ule ukafurahia alama imepanda, maswali mengine umeshayaona hata kama unadhani umeyasahau.

Msimamo wangu ni huu basi. Mara ya pili naiunga mkono kwa mtu anayeweza kunitajia kwa sentensi moja kilichomwangusha na akanionyesha majaribio mawili yaliyopanda tangu arekebishe. Mara ya tatu naiunga mkono kwa shida sana, na kabla ya hiyo ningependa mtu ajaribu GRE ya majaribio, huo ni mtihani mwingine wa kuombea chuo, vyuo vingi vikubwa vinaipokea sawa na GMAT na kuna watu msamiati unawabeba kuliko hoja. Ya nne sijawahi kumshauri mtu.

Mdogo wangu mmoja wa idara ya mikopo alinifuata wiki iliyopita na 575 yake. Tulifungua ripoti pale pale kwenye simu. Hesabu yupo vizuri, lugha yupo vizuri, data ameanguka, na kwenye data aliacha maswali matano. Dirisha lake la kuomba linafunga mwanzoni mwa Januari. Amelipia tarehe moja tu, mwanzoni mwa Disemba, na tumekubaliana esei ya kwanza naisoma Jumapili hii, yaani kabla ya mtihani, ili alama itakayotoka siku ile ikute faili limeshasimama.