Saizi zote ndo saizi gani?

Wallahi wauza vibebeo vya watoto wananikera! Mwanangu ana miezi miwili, shingo bado haijakaza, nimeenda mjini naambiwa "chukua hiki mamii, ni saizi zote", saizi zote vipi na miguu inaning'inia kama samaki kwenye kamba, wakati mtoto mchanga atakiwa akae kichura, magoti yapite makalio, na kidevu kisigande kifuani asije akakosa pumzi. Halafu kimejazwa sponji tele, na joto hili la feri ya Likoni saa saba mchana! Tumeshuka ng'ambo mimi na yeye chapachapa, kamba imenichora bega. Nyanyake kacheka weee, kisha akanitupia leso.