Omega-3 ya mimea: tusome nyuma ya chupa

Mpwa wangu ana mimba ya miezi mitano, na harufu ya samaki haiwezi kabisa. Kliniki walimwambia omega-3, aina ya mafuta yaliyomo kwenye samaki, ni muhimu kwa ubongo wa mtoto, basi akapita duka moja la dawa hapa mjini, akarudi na kichupa cha kapsuli za mafuta ya mbegu za kitani. Mbele pana jani la kijani na maandishi makubwa: omega-3 ya mimea, miligramu 1000.

Yaliyoandikwa si uongo. Kitani kina omega-3 iitwayo ALA, na hiyo mwili hauwezi kujitengenezea, sharti tuile. Ila inayojenga ubongo na macho ya mtoto ni DHA, na mwili hugeuza asilimia chache tu ya ALA kuwa DHA. Tena zile miligramu 1000 ni uzito wa mafuta yote. ALA ni kama nusu yake. Kijiko kikubwa cha mbegu za chia kwenye uji kina ALA karibu gramu 2, yaani kapsuli nne.

Wanaotetea bidhaa hizi wana hoja nzito. Mombasa tunaishi na majirani Wahindu wasiogusa samaki maishani mwao. Wako wenye mzio. Na kusi ikivuma, vyombo vidogo haviendi mbali, hata kibua huadimika. Isitoshe, DHA ya samaki chanzo chake ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao siku hizi hukuzwa kwenye matangi na kukamuliwa mafuta yenye DHA yenyewe. (Si ule mwani wanaoulima kina mama wa Kibuyuni, Kwale.) Kwa mpwa wangu, mafuta hayo ya matangini ndiyo yangemfaa.

Hapo ndipo ninapogombana na lebo. Kitani na mwani vyote huuzwa kwa jina moja, omega-3 ya mimea, ilhali kazi zake mwilini hazilingani. Hata Ulaya, chakula chenye gramu 0.3 za ALA kwa kila gramu 100 na kwa kila kilokalori 100 huruhusiwa kuitwa chanzo cha omega-3, sawa na chenye miligramu 40 za DHA na EPA, omega-3 nyingine ya samaki. Wauzaji husema kuandika ALA au DHA mbele ya chupa kutamchanganya mteja. Sikubali. Mama anayekagua tarehe ya maziwa kabla hajalipa hashindwi kusoma herufi tatu na namba yake, mradi ziwe mbele na zisomeke.

Zile kapsuli za 3-6-9, zinazochanganya omega-3, omega-6 na omega-9, sizipigii debe. Omega-9 mwili hujitengenezea, na omega-6 tunaila kila siku kwenye mafuta ya kukaangia.

Lipo na suala la ganda. Mafuta yaweza kuwa ya mmea, ganda likawa la jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Kwa Muislamu na kwa asiyekula nyama, hilo si jambo dogo, na jani la kijani halilijibu. Tulirudi dukani tukauliza. Muuzaji akaigeuza chupa, akavaa miwani, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Palikuwa na neno moja tu, "jelatini", bila kutaja mnyama. Mpwa wangu akaiacha pale kaunta.