Ile karatasi ya rasimu msiitupe

Juzi binti wa dada yangu kaja kwangu na faili lake la A3, kabakiza wiki sita afanye mtihani wa kujiunga na usanifu majengo chuo kikuu, akataka nimwangalizie michoro yake. Nikamwambia itandaze yote chini. Ilikuwa 11. Nikaanza kuipitia mmoja mmoja, wa kwanza soko, safi kabisa, mti mkubwa kushoto, mama kashika mwavuli, mtoto na puto, nyuma jengo la kona lenye balkoni. Wa pili stesheni ya treni, mti kushoto, mama na mwavuli, mtoto na puto. Wa tatu uwanja wa mpira na yule mama yupo vilevile na mwavuli wake. Nikamuuliza huyu mama mbona yupo kila mahali, akanijibu bila wasiwasi wowote, "Mamdogo, huyo ndo wa kukariri, mwalimu wa twisheni alitupa mchoro mmoja tukaushika, swali likija lolote unabadilisha vitu vya mbele tu, mti na watu hauwagusi, ndo unawahi muda."

Iliniuma sana, na sio kwa sababu yake yeye. Mstari wake ni mzuri, kivuli kinaangukia upande unaotakiwa, ile nukta ya mbali ambapo mistari yote inakutana kaiweka sawasawa. Amefanya kazi kweli kweli. Ila kwa miezi yote hiyo hakuna aliyemwambia atoke nje akaangalie mtu anavyoshika mwavuli, mkono unakunjika wapi, uzito unaegemea mguu gani.

Nikampa karatasi tupu nikamwambia nichoree baiskeli, dakika 10, simu weka pembeni. Swali hili sio langu, Rhode Island School of Design kule Marekani kwa miaka mingi walikuwa wanawapa waombaji hilo hilo, chora baiskeli, basi. Akachora haraka, tairi mbili, kiti, usukani, afu akavuta chuma kimoja kutoka katikati ya tairi la mbele moja kwa moja mpaka katikati ya tairi la nyuma, na cheni akaizungusha tairi zote mbili. Akanikabidhi. Nikamuuliza swali moja tu, ukitaka kukata kona hili tairi la mbele linageukaje?

Akanyamaza. Akaweka kidole kwenye kile chuma, akakifuata mpaka mwisho, akarudi. "Aah, haliwezi. Chuma kimelishika." Na kuanzia hapo akawa mtu mwingine kabisa, akageuza karatasi, pembeni akachora kile chuma cha mbele kinachoshika tairi peke yake, akakichora tena kikiwa kimegeuka, akauliza kwa sauti kama anajiuliza mwenyewe usukani unaingilia wapi, akafuta cheni, akairudisha ikiwa inatoka kwenye pedeli kwenda nyuma tu, akafuta kiti maana kilikuwa kinaelea hewani. Zikaisha dakika 40 hata hakujua. Karatasi imechafuka, ina alama za vidole na raba, na baiskeli ya pili ilikuwa imepinda kidogo, ila ile ungeweza kuipanda ukaondoka nayo.

Sasa chukulia mimi ndo msahihishaji, nataka kujua huyu mtoto miaka mitano ijayo atakuwa msanifu wa namna gani, nipewe karatasi ipi, ya soko au ya baiskeli? Kwa mitihani ilivyo sehemu nyingi nitapewa ya soko. Ile ya baiskeli, yani rasimu, itakuwa ishatupwa.

Hilo la kutupwa naliongea kwa uchungu maana limenikuta. Mara ya kwanza mimi kufanya mtihani wa aina hii nilifeli, chuo sikitaji. Tulipewa masaa matatu, swali lilisema una michemraba mitatu, koni moja na tufe moja, vipange viwe sehemu ya watoto kucheza, chora ukiwa umesimama kwenye kimo cha mtoto. Hilo la kimo cha mtoto ndo lililoniteka, nikakaa kwenye rasimu muda mrefu mno, naweka mchemraba naona unamziba mtoto asione mbele, nautoa, nalaza koni iwe handaki, narudi tena. Nikaja kupata mpangilio ninaoupenda imebaki nusu saa. Mchoro wa mwisho haukuisha, kivuli hakuna, watu hakuna. Msimamizi akapita anakusanya, karatasi ya mwisho anaipokea kwa mikono miwili na kuihesabu, rasimu anazikunja na kuzisukumia kwenye gunia. Nakumbuka mpaka leo ule mlio wa karatasi zikisagika. Inawezekana nilistahili kufeli, mtu anaeshindwa kugawa muda ana kasoro kweli na fani hii ina dedilaini kila siku ya Mungu. Lakini aliyeamua kwamba sina uwezo hakuwahi kuiona kazi niliyoifanya kwa masaa mawili na nusu.

Ndo maana nasema vyuo visahihishe rasimu. Yani zitolewe karatasi mbili, zote zina namba ya mtahiniwa, zote zinakusanywa, na ya rasimu iwe na maksi zake za maana, hata 40 kati ya 100.

Na wala sio wazo geni. École des Beaux-Arts ya Paris, ile shule iliyotawala mafunzo ya usanifu karne ya 19, walikuwa na utaratibu kwamba wakipewa kazi ya mashindano mwanafunzi anaingia kwenye kijumba chake peke yake, anatoa skechi ya wazo lake kwa muda wa masaa 12, na skechi hiyo inabaki shuleni. Baada ya hapo anaenda kuiendeleza kwa wiki kadhaa, ramani kubwa zenye rangi na vivuli, lakini siku ya kuhukumiwa akileta kitu kilichoachana sana na ile skechi ya kwanza anaondolewa. Skechi ilikuwa ni kama ahadi. Walijua mapambo yanaweza kuja baadae, hata kwa kusaidiwa na wenzako, ila wazo lazima lionekane limetoka kwa nani.

Sisemi shule ile ilikuwa ya haki, wanawake walifungiwa mlango mpaka mwishoni mwa karne hiyo. Julia Morgan kaenda pale kutoka Marekani akiwa tayari ana digrii ya uhandisi, akafeli mtihani wa kuingia mara mbili, mara ya tatu mwaka 1898 akashika nafasi ya 13 kati ya watahiniwa 376. Huyo huyo alikuja kubuni majengo zaidi ya 700. Kila nikimsoma nawaza wale waliofeli mara mbili wakakosa nauli au moyo wa kurudi mara ya tatu, kina nani hao na wangejenga nini.

Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, walienda mbali zaidi. Shule ilipofunguliwa Weimar mwaka 1919, mwalimu wao Johannes Itten akaanzisha kozi ya mwanzo ya miezi sita, unaingia unashika mbao, kioo, karatasi, kamba, unajifunza kila kitu kinavyobeba uzito na kinavyopokea mwanga, na ukishaonyesha unaelewa ndo unaingia karakana. Kwangu huo ndo mtihani mzuri kuliko yote, miezi sita mtu hawezi kujificha nyuma ya mama mwenye mwavuli. Ila najua ni gharama na vyuo vingi haviwezi, wanaoomba ni wengi kuliko madawati.

Upande wa pili kuna mitihani mikubwa ya kitaifa. India wana NATA kwa usanifu majengo tangu 2006 na UCEED kwa dizaini tangu 2015, huu wa pili una sehemu unayofanya kwenye kompyuta na sehemu ya kuchora kwa mkono. Maswali ya kompyuta ni yale ya mchemraba umekunjuliwa ukikunjwa tena upande upi utakaa juu, au hili umbo likizungushwa litaonekanaje. Siyapingi hata kidogo, yanapima kitu cha kweli, msanifu lazima aweze kulizungusha jengo kichwani, na mashine haina upendeleo. Tatizo ni kwamba yanapima kama umepata jibu, na kazi yetu asilimia kubwa ni kukosea, kuligundua kosa mwenyewe kabla fundi hajamwaga zege, na kurudia. Hicho sijaona swali la kuchagua A mpaka D likikipima.

Nina rafiki anasahihisha mitihani hii, nikamwambia hili wazo akanijibu kiungwana tu, "Dada, nina dakika mbili kwa karatasi, unataka nizifanye nne?" Namuelewa. Lakini sio lazima rasimu zote zisomwe, aliye juu kabisa atapita tu na aliye chini kabisa hata rasimu haitamwokoa, zisomwe za wale wa katikati, waliokaa karibu na mstari wa kupita au kufeli, maana ndo hapo maksi moja inabadilisha maisha ya mtu. Akaniuliza lingine ambalo lilinisumbua zaidi: twisheni si zitaanza kukaririsha hadi rasimu? Zitaanza, tena wiki hiyo hiyo. Nimelifikiria nikaona dawa ni kuongeza sharti katikati ya mtihani. Tuseme swali ni la stesheni, saa moja ikipita, msimamizi asimame atangaze kwamba kwenye hiyo stesheni yako mmoja wa abiria hatumii ngazi, yuko kwenye kiti cha magurudumu, fanya mabadiliko. Hapo kila aliyekariri anarudi kuwa sawa na wengine, na rasimu itaonyesha wazi nani alihangaika na nani alichomeka kiti cha magurudumu pembeni ya mti akaendelea.

Mi hili naliona ni la haki pia kwa yule ambae twisheni hana. Francis Kéré alikuwa fundi seremala kutoka kijiji cha Gando, Burkina Faso, akaenda Ujerumani kusomea ufundi, akasoma shule ya jioni ndo akaingia Technische Universität Berlin, na shule ya msingi ya Gando imekamilika mwaka 2001 yeye bado mwanafunzi. Mwaka 2022 akapewa Tuzo ya Pritzker, ile kubwa kabisa ya wasanifu majengo duniani. Mtu wa hivo ukimkalisha na penseli akuchoree puto na mwavuli kwa masaa matatu sijui utakuwa umemuuliza nini. Muulize paa likae vipi ili joto litoke, afu angalia mkono wake unaanzia wapi.

Kwa nyie mnaofanya mwaka huu, mtihani bado ni ule ule, kwahiyo msije mkafanya kama mimi. Masaa matatu yagawe, dakika 40 za rasimu, ukifika hapo chukua bora uliyonayo uanze. Chonga penseli zote kabla hujaingia. Na muda uliobaki punguza kunakili picha za mtandaoni, shika tepu upime vitu unavyovigusa kila siku, kiti cha kulia chakula kinakaa karibu sentimita 45 kutoka chini, mlango kama mita 2, jua shubiri yako ni sentimita ngapi na hatua yako ni ngapi, maana mchoro wenye vipimo vya kweli unajulikana hata kama mstari unatetemeka.

Huyu wangu nilimpa kazi ya ngazi. Nikamwambia nenda kapime ngazi yoyote unayopanda kila siku, kila kipandio, usikisie. Akarudi jana na daftari, kipandio 17, 17, 17, mpaka cha chini kabisa 14. Pembeni kaweka alama ya kuuliza kubwa. Nikamwambia sikujibu, rudi. Usiku karibu saa nne kanitumia picha ya ukurasa mwingine, kaichora ngazi kwa ubavu, imefutwa futwa, sakafu kaichora mara mbili, mstari wa chini kauandikia "ya zamani", wa juu "marumaru", kati yao sentimita 3, na ujumbe, "Mamdogo ngazi ilijengwa kwanza, sakafu ikaja kuimeza."