Mjusi wa Tendaguru: nani aliruhusu?

"Mjomba, nani aliwaruhusu?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo tukiwa barazani hapa Lindi. Mkononi ana simu, anatazama picha ya mjusi wetu, yaani mifupa ya dinosaria, mnyama mkubwa wa kale, iliyosimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, kimo chake zaidi ya mita 13. Mifupa ile ilichimbwa na Wajerumani, enzi za ukoloni wao, kwenye kilima cha Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka tulipokaa.

Swali hilohilo ndilo wanasheria na wanahistoria wanabishania. Wapo wanaosema uchimbaji wa 1909 hadi 1913 ulifuata sheria za wakati ule. Sawa, amri ya Wajerumani ya 1895 ilifanya ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya serikali yao. Lakini aliyeamua kwamba haina mwenyewe ni yuleyule aliyeitaka. Isitoshe, Majimaji ilikuwa imezimwa juzi tu, mwaka 1907, na njaa ilikuwa imeua watu kusini kote. Mtu aliyetoka kwenye balaa lile akikubali kibarua cha kubeba mifupa, mimi siwezi kuiita ile ridhaa.

Nao walibeba. Zaidi ya tani 200, ngata kichwani, siku kadhaa za mguu mpaka bandarini hapa Lindi. Kila nikishuka pale jioni nawafikiria. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, ndiye alikuwa mkono wa kuaminika wa kazi yote. Mjusi mkubwa alipewa jina la mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin, Branca. Boheti alisubiri hadi 2007 ndipo mjusi mwingine wa Tendaguru akaitwa kwa jina lake.

Mkataba wa UNESCO wa 1970, unaozuia usafirishaji haramu wa mali za kitamaduni, hauwafikii walioondoa mali kabla yake, kwa hiyo mahakamani sioni njia. Linabaki suala la haki na utu, na hapo ndipo nataka tupaze sauti. Tumebishana mno kama mjusi arudi au abaki, tukasahau kuuliza nani anakaa mezani. Watu wa Mipingo, majirani wa kilima kile, wawepo. Wasemewe na nani tena? Nyaraka za uchimbaji ziwekwe kwa Kiswahili, vijana wa Lindi wapewe nafasi za kusomea mabaki ya kale, na sehemu ya mapato ya kumwonyesha mjusi ifike kijijini Mipingo.

Mpwa wangu ana miaka 12. Kuiona mifupa ya mkoa wake kunamtaka pasipoti, viza na nauli ya ndege.